Motokaa Iliyolala Miaka Mingi: Namna ya Kutambua Kinachovuja

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na watu wengine waliotaka kujua habari za motokaa za zamani. Tumeyachapa, pamoja na maswali yaliyoulizwa, kwa faida ya wasomaji walio mbali.)



Nimepewa nafasi ya kusema juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni matone yanayodondoka chini ya motokaa ya zamani iliyosimama miaka mingi pasipo kutembea. Najua wako watakaosema, “Karani na motokaa, wapi na wapi?” Ni kweli, mimi si fundi. Lakini kutambua kinachovuja ni kazi itanguliayo kazi ya spana. Ni kazi ya macho, pua, vidole na kalamu, na kila mtu ajuaye kusoma na kuandika aweza kuifanya. Fundi mwema hutengeneza alichoonyeshwa. Asipoonyeshwa kitu hukisia, na gharama ya kukisia kwake hulipwa na mwenye gari.

Gari nitakalolitolea mfano ni Land Rover, kwa kuwa wengi wenu mwalijua. Lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam, nchi ya Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Aina iitwayo Series II ilitoka mwaka 1958, na Series IIA ikaifuata mwaka 1961, ikatengenezwa mpaka 1971. Magari haya yaliingia sana katika nchi zetu za Afrika Mashariki, yakafanya kazi za serikali, za misheni na za mashamba. Mengine yangali yamesimama mpaka leo katika vibanda na chini ya miembe. Mwili wake wadumu kwa sababu mabati yake mengi ni ya alumini, na mtu akiyafuta vumbi hudhani gari ni zima. Lakini fremu yake ni chuma, injini yake ni chuma, na ndani yake mna mipira mingi.

Basi watu hukusanyika, wakasema, “Tununue betri, tutie petroli, tuliwashe.” Nia yao ni njema. Lakini gari likiisha kuwaka litapakia nini? Litapakia wagonjwa, litapakia watoto wa shule, litapakia magunia, nalo litashuka milima. Hapo ndipo matone yale yanapokuwa jambo kubwa.

Neno langu ni moja, nanyi naomba mlishike. Msiulize kwanza kinavuja kiasi gani. Ulizeni kwanza ni kitu gani, na chatoka wapi. Kwa maana dimbwi zima laweza kuwa hasara ya senti chache, na tone moja laweza kuwa mauti.

KWA NINI GARI LILILOLALA HUVUJA

Watu wengi hudhani ya kuwa gari likitembea huchakaa, na likisimama hupumzika. Sivyo. Ng’ombe akilala hupumzika. Chuma kikilala huliwa na kutu, na mpira ukilala hukauka.

Kila mahali ambapo shafti yenye kuzunguka hutokeza nje ya nyumba yenye mafuta, pana pete ya kuzuia mafuta yasitoke. Mafundi huiita sili. Gari likitembea, mafuta hurushwa huku na huku, yakailainisha sili hiyo. Likisimama, mafuta hushuka chini, na upande wa juu wa sili hukaa mkavu, ukawa mgumu na kufanya nyufa. Tena shafti yenyewe hushika kutu pale pale igusapo sili. Siku gari litakapotembea, kutu ile huikwangua sili kama msasa.

Gasketi nazo, hasa zile za gome laini kama kizibo cha chupa, hukauka na kunywea. Maji yaliyoachwa ndani ya injini hula chuma kwa ndani. Ubavuni mwa injini mna visahani vyembamba vya chuma vilivyopigiliwa kuziba matundu ya kiwandani. Hivyo hutoboka mapema, kwa kuwa ni vyembamba. Mafuta ya breki yana tabia yake peke yake, kwamba hunywa unyevu wa hewani. Unyevu huo ukikaa miaka, hufanya vishimo vya kutu ndani ya silinda za breki, na mpira upitao juu ya vishimo hauwezi kuzuia kitu.

Liko na jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi sana, lakini sisi tulijue. Juu ya nyumba ya ekseli pana kitundu cha kupumulia. Nyigu wa udongo hupenda kujenga katika vitundu vya namna hiyo. Kitundu kikizibwa, ekseli ikipata moto hewa ya ndani hutanuka, ikakosa njia, ikayasukuma mafuta kupita penye sili. Mtu akabadili sili mara mbili, mara tatu, na kumbe dawa ilikuwa kuuondoa udongo wa nyigu kwa waya.

KABLA YA KULIWASHA

Ndugu zangu, msianze kwa kuliwasha. Gari lisilovuja hata tone huenda si zima. Huenda limekwisha kuvuja lote, halina kitu tena cha kuvuja. Fanyeni hivi kwa utaratibu.

Kwanza, lisukumeni mpaka mahali palipo sawa, mkayawekee magurudumu mawe makubwa mbele na nyuma. Msiitegemee breki ya mkono. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekwe juu ya magogo imara au vyuma vya kuegemeza.

Pili, pimeni kila chombo na kuandika: mafuta ya injini kwa kijiti chake, mafuta ya gia, mafuta ya ekseli ya mbele na ya nyuma, maji ya rejeta, mafuta ya breki na ya klachi. Chombo kilicho kitupu kimekwisha kuwapa nusu ya habari.

Tatu, safisheni chini ya gari. Uchafu wa miaka 20 uliochanganyika na mafuta huwezi kuusoma. Ni kama karatasi iliyomwagikiwa wino. Kwangueni, fueni kwa sabuni, acheni pakauke. Wakati wote huo asiwepo mtu mwenye sigara, wala taa ya moto, wala jiko karibu. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kwenda mbali kuliko mdhanivyo.

Nne, tandazeni chini ya gari makaratasi magumu ya maboksi, au shuka jeupe kuukuu. Chora juu yake mahali pa magurudumu manne na upande wa mbele. Jazeni kila chombo mpaka alama yake, wala msipite, kwa maana chombo kilichojazwa kupita kiasi hutoa mafuta kisicho kibovu. Liacheni gari lilale usiku mmoja. Asubuhi karatasi ile itakuwa ramani.

MAJIMAJI SITA NA TABIA ZAKE

Ndani ya motokaa ya namna hii mna majimaji ya aina sita: maji ya kupozea, petroli, mafuta ya injini, mafuta ya gia, mafuta ya breki, na tindikali ya betri. Kila moja lina rangi, harufu na mguso wake.

Maji ya kupozea huonekana mbele, chini ya rejeta na injini. Yakiwa maji matupu huwa na rangi ya kutu. Yakiwa na dawa huwa ya kijani, ya samawati au mekundu, na huteleza kidogo kidoleni. Dawa hiyo mara nyingi ni sumu, na ladha yake ni tamu; mbwa na watoto wadogo huivutiwa. Basi msiionje, wala msiiache katika sufuria penye ua. Ikiwa maji ni meupe, hayana harufu wala utelezi, huenda ni ya mvua tu, yaliyokuwa yamejificha ndani ya fremu, maana fremu hiyo ina uwazi ndani.

Petroli mwaijua kwa pua. Hukauka upesi, na ilipovuja zamani huacha alama ya hudhurungi kama gundi. Mkinusa petroli wala hamuoni tone, msiliwashe gari mpaka mpate mahali inapotoka.

Mafuta ya injini yakiwa mapya ni ya rangi ya asali, yakizeeka ni meusi. Ni mepesi kuliko ya gia. Mafuta ya gia na ya ekseli ni mazito, na yana harufu kali ya kiberiti inayokaa vidoleni hata baada ya kunawa. Harufu hiyo ndiyo shahidi wenu mkubwa.

Mafuta ya breki, ndiyo na ya klachi katika Land Rover hizi, ni mepesi, mara nyingi ya manjano hafifu. Yakizeeka huwa ya hudhurungi. Yakianguka juu ya rangi ya gari huifanya ivimbe na kubanduka. Basi mkiona rangi imebanduka kama ngozi iliyoungua, hapo hapo patazameni.

Tindikali ya betri hula nguo, hula chuma, huunguza ngozi. Ikiwapo, huonekana unga mweupe au wa kijani penye vichwa vya betri na kutu nyingi chini yake. Msiiguse kwa mkono mtupu. Mwagieni maji mengi yenye magadi.

Sasa nawapa kipimo kisicho na gharama. Chukueni kikombe cheupe kilichovunjika mkono, kisichotumiwa tena kwa chai, mtie maji safi. Chukueni tone lile kwa kijiti, mlitie ndani. Mafuta ya injini na ya gia yataelea juu. Petroli itaelea, nayo itaondoka upesi. Lakini mafuta ya breki ya kawaida yatachanganyika na maji na kupotea. Maji ya rejeta nayo yatachanganyika, lakini hayo mtayatenganisha kwa mahali yalipotokea. Basi mkipata kitu chenye utelezi karibu na gurudumu, nacho chapotea majini, jueni ni breki.

KUIFUATA NJIA YA TONE

Mahali tone linapoangukia si mahali lilipozaliwa. Mafuta hushuka, hufuata bomba, hufuata ukingo wa fremu, na gari likitembea upepo huyasukuma nyuma. Kwa hiyo tafuteni mahali palipo juu zaidi na mbele zaidi penye unyevu. Mkishindwa kupaona, pakausheni, mpapake vumbi la chaki ya ubaoni, mliwashe gari kwa dakika chache. Mafuta yataandika njia yake juu ya chaki.

Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni mafuta yaonekanayo nyuma ya injini, pale injini inapoungana na gia. Fundi mwenye haraka atasema, “Sili ya nyuma ya injini imekufa, lazima tutenganishe injini na gia.” Hiyo ni kazi ya siku nyingi na fedha nyingi. Lakini huenda ni gasketi ya kifuniko cha juu ya injini, kile kinachofunika tapeti, ndiyo iliyonywea; mafuta yakashuka nyuma ya injini mpaka chini. Gasketi hiyo hubadiliwa kwa kufungua nati chache. Ndiyo maana nasema, tazameni juu kwanza.

Mfano wa pili ni pale pale. Chini ya nyumba ya klachi pana kitundu, nacho kina kizibo chake cha kutiwa wakati wa kuvuka mto wenye kina. Siku nyingine kizibo hukaa nje, ili mafuta yapitayo sili yaweze kutoka yasije yakailowesha klachi. Land Rover iliyolala na kizibo chake ndani yaweza kuwa na mafuta mengi yaliyokusanyika humo. Kitoeni, mnuse. Yakiwa meusi mepesi, yatoka kwenye injini. Yakiwa mazito yenye harufu ya kiberiti, yatoka kwenye gia. Kazi mbili mbalimbali kabisa, na pua ndiyo iliyowaamulia.

Mfano wa tatu ni magurudumu ya mbele. Nyuma ya kila gurudumu la mbele pana tufe la chuma linalong’aa, ambalo juu yake gurudumu hugeukia. Ndani yake mna mafuta, na sili kubwa hulizunguka. Gari likisimama miaka, sehemu ya tufe iliyo nje ya sili hushika kutu na kufanya vishimo. Usukani ukigeuzwa, vishimo vile hupita chini ya sili na kuikata. Mtu akitia sili mpya bila kulitazama tufe, sili hiyo nayo itakatwa.

Vile vile pampu ya maji ina kitundu chini yake. Kikidondosha maji, msikizibe kwa kijiti; kiliwekwa makusudi kuwaambia kwamba sili ya pampu imekwisha.

Yako pia yavujayo kwa ndani, yasiyofika chini. Pampu ya petroli ya injini hizi ina utando ndani yake. Ukipasuka, petroli yaweza kuingia katika mafuta ya injini. Basi mkipima mafuta na kuona yameongezeka wala hakuna aliyeyaongeza, nuseni kijiti. Kikinuka petroli, msiliwashe gari. Mwageni mafuta hayo, mtengeneze pampu. Na mafuta yakiwa meupe kama uji, maji yameingia ndani yake. Lakini utando mdogo mweupe chini ya kifuniko peke yake waweza kuwa ni jasho la injini iliyosimama, basi msiogope mpaka mtazame kijiti.

BREKI

Sasa nimefika kwenye neno lililonileta. Mtu akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa katika mabomba membamba mpaka kila gurudumu, na huko silinda ndogo huvisukuma vipande vya breki vikabana ndani ya dramu. Katika nyingi ya Land Rover za miaka ile, njia hiyo ni moja kwa magurudumu yote manne. Ikivuja mahali pamoja, magurudumu yote manne hukosa breki pamoja.

Tena breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu yenyewe. Hushika dramu moja iliyo nyuma ya gia, penye shafti iendayo ekseli ya nyuma. Sili ya gia ikivuja hapo, mafuta huingia katika dramu hiyo na breki ya mkono huteleza. Oneni basi: tone moja la breki penye gurudumu, na tone moja la gia penye dramu ya katikati, na dereva aliye juu ya mlima hana breki ya mguu wala ya mkono. Na injini yake inawaka vizuri, na rangi yake inang’aa.

Kipimo chake ni hiki. Kanyaga pedali kwa nguvu, uishike, uhesabu mpaka 60. Ikisimama imara juu, ni dalili njema. Ikizama polepole, mafuta yanakwenda mahali. Tazama kama mafuta yanashuka kandokando ya pedali kutoka pampu kuu. Tazama mabomba ya chuma penye kutu. Tazama mabomba ya mpira kama yana nyufa. Tazama upande wa ndani wa kila tairi. Usipoona unyevu popote, na pedali yazama, pampu kuu inapitisha mafuta ndani kwa ndani, nayo ni mbovu vile vile.

Kisha dramu zote zifunguliwe, hata zile kavu. Vumbi lililo ndani msilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwa sababu vipande vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Futeni kwa kitambaa kilicholowa maji. Mkiona unyevu, tumieni kikombe chenu. Unaopotea majini watoka katika silinda ya breki. Unaoelea na kunuka kiberiti watoka katika sili ya ekseli. Vipande vilivyolowa vibadilishwe, wala visifuliwe, kwa maana mafuta yamekwisha kuingia ndani yake.

Hata breki isiyovuja imwagwe mafuta yake ya zamani yote. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakiisha kunywa unyevu, kipimo chake hushuka mpaka 140. Yakichemka katika mteremko mrefu hufanya mapovu, na pedali huzama mpaka chini. Wala mtu asitie mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki kwa kusema kwamba mafuta ni mafuta. Mafuta ya injini huivimbisha mipira ya breki, ikaharibika yote.

HESABU NA DAFTARI

Matone 20 ni kadiri ya mililita 1. Tone moja kila dakika ni matone 1,440 kwa siku, yaani mililita 72. Kwa mwezi ni zaidi kidogo ya lita 2. Injini hii huchukua kadiri ya lita 6 za mafuta. Kwa hiyo injini ivujayo hivyo hupoteza theluthi moja kwa mwezi: ni hasara, lakini mwenye kupima kila asubuhi ataiona na kuongeza. Chombo cha mafuta ya breki ni kidogo sana. Kwa matone yale yale kitakauka baada ya siku chache. Hiyo ndiyo maana ya kusema, msiulize kiasi kwanza.

Basi nunueni daftari moja. Andikeni tarehe, mahali pa tone, rangi, harufu, matokeo ya kikombe, na idadi ya matone kwa usiku mmoja. Andikeni gari likiwa baridi, likiwa moto, na baada ya kuzimwa, kwa kuwa kuna livujalo baridi tu na livujalo moto tu. Baada ya juma mbili mtakuwa na karatasi ya kumpa fundi. Naye akiwa mwaminifu atafurahi, maana mmempunguzia kazi.

Utaratibu wa kutengeneza uwe huu: breki kwanza, kisha petroli, kisha maji, kisha mafuta ya gia na ekseli, na mwisho mafuta ya injini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye nyufa tano na udongo kidogo na azibe kwanza ule ulio juu ya kitanda cha mtoto.



MASWALI

Mwalimu mmoja aliuliza: “Tuliwasha gari letu, na sasa injini inatoa mafuta kuliko ilipokuwa imelala. Je, tuifungue?”

Jibu: Bwana Mwalimu, subirini kidogo. Sili iliyokauka huenda ikalainika tena ikipata mafuta na moto. Litembezeni polepole mahali palipo sawa, mkihesabu matone kila usiku. Yakipungua, acheni. Yakizidi, au yakifika kwenye klachi, hapo ifungueni. Maneno haya ni ya mafuta ya injini na ya gia tu. Breki na petroli hazisubiriwi hata siku moja.

Mzee mmoja aliuliza: “Kijana wangu, zamani tangi likitoboka madereva walipaka sabuni ya mche, gari likaenda. Wewe wasemaje?”

Jibu: Mzee wangu, ni kweli, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni upesi, nayo hushika kwa muda. Lakini hiyo ni ya kukufikisha nyumbani. Matangi ya Land Rover yaliyolala huoza chini, penye maji na matope, na palipotoboka pamoja patatoboka na pengine. Litolewe tangi. Nami naomba jambo moja kwa nguvu: mtu asipeleke tangi kwa mchomea vyuma akisema ni tupu. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa, nalo hulipuka likiguswa na moto. Aliyefunzwa kazi hiyo ndiye ajuaye kulisafisha kwanza. Asipopatikana, nunueni jingine.

Chifu mmoja aliuliza: “Nani atakayesema kwamba sasa gari hili laweza kupakia watu?”

Jibu: Bwana Chifu, asiseme mwenye gari, maana ana haraka, wala dereva, maana ana hamu. Daftari liseme kwanza, kwamba kwa siku 14 mfululizo breki haikutoa tone, na pedali haikuzama. Kisha fundi asiyehusika na gari hilo alitazame, na mkaguzi wa magari alipitishe kwa sheria. Baada ya hayo lipakie magunia ya mchanga, lipande mlima wenu na kushuka mara kadhaa, na kila jioni karatasi itandazwe chini yake. Mchanga ukimwagika huzolewa. Watu wapande baadaye.